Ufa Nilioupaka Rangi

Habari ya kufa kwa Fundi Bacari niliipata asubuhi nikiwa nachambua mchele. Mtu aliyenipigia simu nilimjua kwa sauti tu. Alisema, "Dada Atija, Fundi ametutoka. Maziko baada ya Adhuhuri." Nikamshukuru, nikaendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, nikaufunika, nikavaa, nikatoka. Nilipofika msibani pale Palma nilikaa na wanawake wenzangu, nikaitikia dua, nikabeba maji, na kila aliyenitazama usoni aliona uso mkavu. Wanaonijua wamezoea. Wasemao kwamba sina moyo hawajakosea sana, maana upo mwaka mmoja wa ujana wangu ambao moyo ulikufa ganzi, na sehemu yake haijaamka mpaka leo. Mwaka huo niliuishi katika ua wa marehemu huyu. Ya kwetu, nani alimzaa nani na nani alihamia kutoka wapi, sitayaandika hapa. Nitaandika ule mwaka tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimetoka eda. Mume wangu, Saidi, alikufa kwa homa ya siku nne, na katika miezi yote ile ya kukaa ndani nilingoja kilio kije, kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi, hakikuja. Kwa wakwe sikuwa tena na nafasi. Bi Muamina, mke wa Fundi, ndiye aliyenichukua. Alinipa chumba cha uani ambacho hapo kabla kilikuwa ghala la matairi. Matairi yaliondolewa, harufu ikabaki. Kulikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja ukutani wa kutundikia khanga zangu zote mbili, na dirisha dogo la mbao lililotazama karakana. Asubuhi Bi Muamina alinigongea na chai na mkate wa pau, akasimama mlangoni mpaka aone natafuna. "Kula, mwanangu," alisema, "hata kama huoni ladha." Nilikula. Sikuona ladha. Sitaki mtu adhani nilikuwa na huzuni. Huzuni ningeijua. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaugusa, lakini anayeguswa ni mtu mwingine.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la makuti lenye nguzo sita. Fundi Bacari alinyoosha magurudumu, hasa zile rimu ambazo sisi huku tunaziita janti. Mvua za mwaka ule ziliila barabara ya kusini mpaka ikabaki mashimo yaliyoshikana, na magari ya wafanyabiashara, mengi yakiwa yametokea Tanzania, ng'ambo ya mto Rovuma, na janti zake za kung'aa za aluminiamu, yaliingia mashimoni usiku na mchana. Fundi alikuwa amefunga ekseli kuukuu kwenye nguzo. Aliivalisha janti, akaizungusha, akaisogezea chaki. Pale chaki ilipoacha alama ndipo palipopinda. Halafu moto kidogo, kipande cha mti mgumu juu yake, na nyundo, pole pole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Tatizo lake lilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia yote mawili, na hakutaka wateja wajue. Siku moja alisogea dirishani kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Atija, njoo uniazime macho." Nilitoka nikamwonyesha alama ya chaki. Kesho yake akaniita tena. Mwezi haukwisha nikawa napiga msasa, najaza mikwaruzo kwa puti na kupaka rangi ya fedha. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuniuliza hali yangu. Janti iliyokuja imechubuka na kuparuka ilitoka mikononi mwangu inang'aa kama ya dukani, na mtu asiyejua hangeweza kusema iliwahi kuumia.

Kila Ijumaa baada ya swala Bwana Hemedi alikuja kula. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, wazee wake watu wa Mtwara, na yeye na Fundi walikuwa marafiki tangu wote wawili hawajaoa. Walikula barazani, sinia moja, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nikiwa chumbani niliwasikia kupitia ukuta wa udongo kana kwamba tumekaa pamoja. Hemedi alikuwa na maneno. "Bacari, wewe mkono wako unajua mnofu ulipo kuliko macho." Fundi akijibu, "Na wewe mdomo wako unaongea ili mimi nisile." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mazungumzo yao mengi yalikuwa ya Rukia, binti yake Hemedi, ambaye posa yake ilikuwa imekwisha kujibiwa. Rukia nilimjua kwa kumwona. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, anatembea haraka kana kwamba ameitwa. Ilipangwa apelekwe Nhica kwa shangazi yake, akakae huko akifundwa, kisha harusi. Siku hizi nikisikia wanaume wawili wazima wakicheka chumba cha pili huwa nasimama nilipo mpaka wamalize.

Siku tatu kabla ya safari hiyo Hemedi alikuja, na haikuwa Ijumaa. Aliegesha gari likijikokota, gurudumu la mbele la kushoto limelala. "Nimeingia shimo pale mbele ya Olumbi," alisema. "Lilikuwa limejaa maji, nikadhani dimbwi tu." Fundi aliivua janti, akaipapasa kwa viganja vyote viwili.

"Mdomo wa ndani umelala," alisema. "Huu nitaunyoosha. Lakini hii si chuma, Hemedi. Chuma kikiumia utakiona kimepinda. Hii inaweza kuonekana nzima na ikakatika siku moja bila kuaga. Nina janti ya chuma hapa, kipimo kile kile. Ifunge uende nayo. Hii tuitafutie mwenzake huko ng'ambo, taratibu."

"Nimpeleke mwari wangu na gurudumu moja jeusi na matatu yanang'aa? Watu wa Nhica watasema nimeazima gari."

"Waache waseme."

"Bacari, wewe ukiinyoosha mimi sina wasiwasi. Nyoosha."

Fundi aliigeuza janti mara moja tena, akasema, "Haya. Lakini Atija akiona ufa wowote, utafunga ya chuma na hutanisumbua."

"Nimekubali," alisema Hemedi, akanigeukia. "Binti, tazama vizuri."

Fundi aliinyoosha siku nzima ile, na chaki ikazunguka bila kugusa. Kesho yake ikaja kwangu. Nilikuwa nimekaa barazani mlangoni kwangu, janti mapajani juu ya gunia, napiga msasa mikono yake, ile mitano inayotoka katikati kwenda ukingoni. Kwenye mkono wa tatu, chini kabisa, karibu na tundu la nati, ukucha wangu ulikwama. Niliurudisha, ukakwama tena pale pale. Nilipulizia vumbi, nikatazama. Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa kiungo cha kidole. Sikuwa na shaka nao hata kidogo. Fundi alikuwa upande wa pili wa ua, amenipa mgongo, anafungua tairi. Nadhani kati yetu palikuwa na hatua ishirini. Nimezipima kichwani mara nyingi sana. Ilikuwa ninyanyuke, niende, niseme, "Fundi, kuna ufa hapa." Halafu angeshika, angeuliza, Hemedi angeitwa, wangebishana, mtu angenitaka nieleze. Nilitazama zile hatua ishirini na nikaona sina nguvu ya kulibeba neno lile mpaka kule. Sikuogopa, na sikuwa na kinyongo na mtu. Nilichovya kidole kwenye puti nikaujaza, nikangoja ukauke, nikapiga msasa laini, nikapaka rangi ya fedha mara mbili. Bi Muamina aliniletea ugali na matapa, majani ya muhogo ya nazi, nikala nikiitazama rangi ikikauka.

Tairi lilipovishwa Fundi aliliingiza kwenye pipa la maji, tukatazama mapovu. Hayakutoka. Ufa ule haukuwa mahali pa kuvuja hewa. Fundi aliniuliza kama alivyoniuliza kila mara, "Umeona kitu?" Nikasema, "Sijaona kitu." Lilikuwa jibu jepesi mno. Nimesema uongo mwingine mdogo maishani na umenisumbua zaidi siku ileile kuliko huo.

Waliondoka asubuhi, Hemedi usukani, Rukia nyuma kati ya masanduku na mikeka. Alipunga mkono kwa Bi Muamina. Kabla ya Adhuhuri mwanamume mmoja wa pikipiki alikuja akasimama nje ya ua bila kuzima mashine. Akasema gari la Bwana Hemedi limepinduka njia ya Nhica, gurudumu la mbele limekatika katikati, yeye ameumia mbavu, binti amebanwa mguu. Bi Muamina alipiga ukelele. Fundi alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Mimi nilisimama na msasa mkononi, nikangoja nihisi kitu. Nilihisi kiu. Nilikunywa maji, nikarudi nikasimama palepale.

Rukia alivushwa mto, akatibiwa Mtwara. Mguu haukukatwa, lakini goti halikukunjika tena. Upande wa mume walituma mtu kusema wapewe muda, na huo muda haukuisha. Hemedi aliporudi, amefungwa kifua, alikuja uani akiburuta gunia. Ilikuwa asubuhi na wateja watatu walikuwepo. Aliligeuza gunia, vipande viwili vya janti vikaanguka.

"Macho yako yameoza, Bacari," alisema. "Mji mzima umekwisha kujua isipokuwa mimi. Ungeniambia huoni, ningekwenda kwa mwingine."

Fundi alichutama. Aliokota kipande kimoja, akakisogeza karibu na jicho, karibu kabisa, kisha akapitisha ukucha juu ya pale palipokatika. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake, na mimi macho yangu yalikuwa mazima. Mahali pote palipokatika siku ile palikuwa na rangi ya kijivu, chembechembe kama chumvi, isipokuwa sehemu moja ndogo, urefu wa kiungo cha kidole, iliyokuwa na puti na rangi ya fedha ndani yake. Rangi haiwezi kuingia ndani ya ufa ambao haujakuwepo. Ukucha wa Fundi ulisimama hapo. Ulikaa. Sikuweza kuona uso wake, niliona kisogo tu na kofia yake iliyofifia. Kisha akakiweka kile kipande chini taratibu, upande ule ukatazama mchanga.

"Kosa langu," alisema. "Sikuuona."

"Basi," alisema Hemedi. "Mimi na wewe basi." Akatoka.

Nilingoja aniite. Siku ile hakuniita, wala ya pili. Siku ya tatu alinipa janti nyingine nipige msasa, na nilipoinua mkebe wa rangi akasema bila kunitazama, "Rangi tumeacha. Mwenye mali aione ilivyo." Kuanzia hapo alirudisha janti zote na makovu yake, alama za nyundo zinaonekana. Watu hawakupenda. Na waliokuwa wanapenda walikuwa wameshasikia habari ya macho. Ijumaa ziliendelea kuja. Bi Muamina alipika wali ule ule, Fundi akala peke yake barazani, na ukuta wangu ukawa kimya. Mara moja nilimsikia Bi Muamina akimwambia, "Nenda kwake, bwana, mtu mzima hachoki kuomba radhi," naye akajibu, "Nikienda ataniuliza. Na akiniuliza nitajibu nini?" Wakati huo sikuelewa. Au nilielewa nikageukia ukutani. Mwaka ulipoisha nilipata mtu wa kunioa Mocímboa, nikaondoka. Fundi alinisindikiza mpaka nje ya ua akaniombea heri. Hakuniambia neno lile, na mimi sikulisema.

Miaka ishirini imepita, na katikati yake tumekimbia vita wote, kila mtu na njia yake, na baadhi yetu tumerudi. Hemedi alifia Mtwara zamani. Kwa hiyo msibani sikutegemea kumwona Rukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake kati ya wanawake waliokaa mkekani, mguu umenyooka mbele. Karibu nami wanawake wawili walikuwa wakisema kwa sauti ya chini, mmoja akisema, "Fundi alikuwa mtu mzuri," na mwenziwe, "Mzuri, ila lile la mtoto wa Hemedi. Kuficha upofu na huku umeshika roho za watu." Nililisikia neno hilo na nikaona kwamba maiti amekwisha kuzikwa nalo. Nikanyanyuka. Nilihesabu hatua bila kutaka. Zilikuwa sita.

Nilichutama kando ya kiti chake. "Rukia, mimi Atija. Nilikaa kwa Fundi mwaka ule."

"Nakukumbuka," alisema. "Ulikuwa unapaka rangi."

"Fundi hakuwa na kosa. Ufa niliuona mimi. Niliuziba nikapaka rangi. Akaniuliza nikasema sijaona kitu."

Alinitazama muda. Hakubadilika uso. "Kwa nini?"

"Sina sababu, dada. Nimeitafuta. Nilikuwa nimekufa ganzi, basi."

"Na yeye alijua?"

"Alijua siku baba yako alipoleta vipande."

Aligeuza uso akatazama uani, ambako karakana haipo tena, nguzo mbili tu. "Baba alipokuwa anaumwa," alisema, "aliuliza mara tatu kama Bacari amekuja kumtazama. Tulimwambia yuko njiani. Alikufa tukimwambia yuko njiani." Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Nenda ukawaambie hao. Usiniambie mimi peke yangu kwenye sikio."

Nikasimama katikati ya wanawake nikasema. Nilisema vibaya, nikarudia, wengine hawakusikia wakauliza jirani. Hakuna aliyenipigia kelele. Mwanamke mmoja aliacha kukuna nazi, kisha akaendelea. Bi Muamina, mzee sasa, amekaa na wanaomfariji, alisema, "Aliniambia juma lile lile. Nikamwambia mfukuze. Akasema, nikimfukuza huyu ataenda wapi." Nfalume, mwanawe mkubwa, ambaye mwaka ule alikuwa shuleni Mocímboa, alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawisha watu. Alisema, "Mimi kazi ya baba niliikataa kwa aibu ya jambo hili," na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Akaweka birika chini, akaenda upande wa wanaume. Tulimsikia akiwaambia. Sauti ya mzee mmoja ilijibu, "Basi Fundi na huyo mwanamke walinyamaza wote wawili," na hakuna aliyembishia.

Nilidhani nikishasema nitalia. Sikulia. Nilipokuwa naondoka Rukia aliniita. "Leo usiniombe radhi," alisema. "Leo ni siku ya Fundi. Njoo kwangu Jumatatu, uniambie tangu mwanzo, kukiwa hakuna watu."

Jumatatu nilienda. Anakaa karibu na soko, nyumba ya vyumba viwili, na nilimkuta uani akifua, amekaa ukingoni mwa benchi, mguu kando ya beseni. Hakunikaribisha ndani. Nilisimama nikamweleza tangu mwanzo: chumba cha matairi, chaki, ukucha, puti, pipa la maji. Alifua muda wote bila kuinua macho, aliuliza swali moja tu, kama baba yake aliambiwa habari ya janti ya chuma. Nikasema aliambiwa, akaikataa. Alisugua pale pale kwa muda mrefu. Nilipomaliza alitoa majini shuka kubwa la kitandani, zito, maji yanamwagika. Alijaribu kulikamua akiwa amekaa, halikukamulika. Akanitazama, akanitupia ncha moja. Nikaishika, nikarudi nyuma mpaka likanyooka, yeye akazungushia kulia, mimi kushoto, maji yakatoka.